Tajiri wa mbali na saa ya Magharibi

Mpwa wangu alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu bado mwilini, mkononi ana karatasi sita alizozichapisha katika duka moja la Usita wa Mui. Tuliketi kwenye baraza ya daka. Karatasi zenyewe ni mkataba: ataandika programu kwa kampuni moja ya California, dola 2,000 kwa mwezi, na kazi ataifanya akiwa papa hapa Lamu. "Mjomba, nitie sahihi?" Ukurasa wa mshahara ulikuwa umelainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ukurasa wa nne ulikuwa haujaguswa, na humo ndimo nilimoikuta sentensi niliyokuwa nikiitafuta: mfanyakazi atapatikana mtandaoni katika saa za kazi za timu.

Nikamuuliza saa za timu ni zipi. Hakujua. Alidhani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, kama ofisi za kaunti.

Kazi ya namna hiyo nimeifanya miaka mitatu na kitu, tangu 2021 hadi mwisho wa 2024, kwa kampuni nyingine ya upande huo huo wa Marekani, nikiwa katika chumba cha ndani cha nyumba ya marehemu bibi yangu, Mkomani. Imenipa mambo ambayo nisingeyapata hapa wala Mombasa. Imenichukulia mengine ambayo siwezi kuyanunua tena. Vijana wengi wa mji huu wanaingia katika kazi hizi sasa, na kila ninayemwona amepatana mshahara. Sijamwona aliyepatana saa. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Hesabu ya saa ni nyepesi, ila ni lazima uifanye kabla ya kutia sahihi. Kenya iko mbele ya California kwa saa kumi na moja. Wao wanapozisogeza saa zao mbele, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti inakuwa saa kumi. Timu inayokutana kule saa tatu na nusu asubuhi, kwetu ni saa mbili na nusu usiku, na zaidi ya nusu ya mwaka ni saa moja na nusu usiku. Wakifunga kazi saa kumi na mbili jioni yao, sisi ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Na mwajiri mkali hakuiti kwenye mkutano mmoja akakuacha ulale. Ataka uonekane uko macho muda wote ambao yeye yuko macho.

Sasa itazame saa hiyo kwa macho ya mtu wa hapa. Siku yetu huanza jua likizama. Ndiyo maana wazee wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa. Asubuhi ya tajiri, yaani mwajiri, wa California huangukia pale pale siku yetu inapozaliwa. Kati ya Magharibi na saa nne usiku ndipo Lamu inapokuwa Lamu. Watu hutoka msikitini wakaketi barazani, dele la kahawa likapita, habari za mgonjwa zikaulizwa, posa zikapelekwa, ugomvi wa mpaka wa nyumba ukasuluhishwa na wazee wawili bila ya kufika mahakamani. Wanawake hutembeleana baada ya Isha. Maulidi husomwa usiku, na mengi ya arusi huwa usiku. Mchana kila mtu yuko kwenye riziki yake na jua ni kali. Ukiuza usiku wako hapa umeuza nafasi yako katika mji, na hutatambua mara moja, kwa sababu hakuna atakayekugombeza. Wataacha tu kukuita.

Mimi nilitambua katika Ramadhani ya 2024. Saa za Marekani zilisogezwa tarehe 10 Machi, mwezi ukaandama siku zile zile, na mkutano wetu wa kila siku ukahama kutoka saa mbili na nusu ukaja saa moja na nusu usiku. Nilikuwa nikifuturu kwa tende na maji, nasali Magharibi haraka, sahani yangu inabaki chini ya kawa, kisha nafungua kompyuta. Usiku wa tatu hivi dirisha lilikuwa wazi kwa joto. Msikiti uko hatua ishirini kutoka nyumbani. Imamu alipoanza kusoma, sauti iliingia moja kwa moja kwenye mkutano, na mwenzangu mmoja, kwa adabu kabisa, akaniomba nizime maikrofoni kwani kuna kelele upande wangu. Nikaizima. Yule hakuwa na kosa, hakujua anachokisikia. Lakini mimi nilijua, na nilikaa pale saa nzima naiona midomo ya watu ikienda kwenye skrini huku watu niliosoma nao chuoni wakipanga safu bila mimi. Tarawehe nilizisali peke yangu saa saba za usiku, mwezi mzima.

Na Idi je? Fomu ya likizo ilitaka tarehe moja, wiki mbili kabla. Nikaandika kwamba inategemea mwezi. Meneja akajibu, tena kwa upole, kwamba mfumo haupokei jibu hilo. Nikatoa siku mbili katika likizo yangu ili nisikose moja.

Hayo nayasema mwanzo kwa kuwa ndiyo mazito. Lakini mpwa wangu si mjinga kuzitamani zile dola, wala sitaki asome haya akadhani namwambia azikatae. Zamani kijana wa Lamu aliyetaka mshahara wa maana ilimbidi apande boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, na wengi hawakusimama hapo. Walikwenda Arabuni wakatuma fedha, wakarudi mvi zimewatoka, watoto wanawaita kwa haya kama wageni. Mimi nilikuwa nikimpeleka mama hospitali mwenyewe. Baba alipougua mara ya mwisho nilimgeuza kitandani kwa mikono yangu hii, mshahara wa Marekani unaingia benki. Hakuna kazi ya ofisi ya Nairobi ambayo ingenipa hilo.

Na ipo nyumba. Mji wetu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sifa ile haikumpa mwenye nyumba chokaa wala boriti. Nyumba ya mawe isipotunzwa, mvua huingia juu, boriti zikaoza, dari ikashuka. Familia nyingi zimefika mahali pa kuchagua kati ya kuiacha ianguke na kumuuzia mgeni, na tembea kijiji cha Shela uone ni wangapi walichagua la pili. Nyumba ya bibi nilibadilisha boriti za vyumba viwili, nikapaka chokaa upya, nikaziokoa zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, zilizokuwa zinamomonyoka. Fundi alikuwa wa hapa, punda waliobeba mchanga ni wa hapa, vibarua ni wa hapa. Fedha ya kampuni ambayo haijui Lamu iko upande gani wa ramani ilizunguka mikononi mwa watu wa mtaa wangu. Hilo ni jambo kubwa na sitalipunguza.

Ila dola nazo zina tabia zao. Nilipoanza, dola moja ilikuwa kama shilingi 110. Januari 2024 ilipita 160, watu wa kazi hizi wakaongeza matumizi, wakachukua mikopo, mmoja akanunua boti. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Anayelipwa dola 2,000 alitoka kwenye shilingi 320,000 akaja kwenye 260,000, na tajiri hakumpunguzia hata senti. Mpwa wangu nilimwambia apige hesabu zake kwa dola ya shilingi 110. Ikipanda, hiyo ni akiba.

Habari ya stima na mtandao nitaipitia upesi, maana hilo kila mtu huliuliza na si zito kama linavyoonekana. Mpaka 2009, ulipofika Mombasa waya wa kwanza wa chini ya bahari, nchi hii ilitegemea setilaiti, na kazi hizi zisingewezekana. Leo zinawezekana, kwa gharama. Kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita zinazuia joto na zinazuia mawimbi ya simu vile vile, kwa hiyo kifaa cha mtandao hukaa juu, chini ya makuti, na waya ukashuka hadi ndani. Uwe na laini za kampuni mbili, betri ya kutosha usiku mzima, na kama wajiweza, sahani ya Starlink, ambayo imekuwa ikiuzwa Kenya tangu Julai 2023. Usiku wa tarehe 25 Agosti mwaka huo karibu nchi nzima ilizimika, na Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kuburuta. Siku kama hizo mwajiri mwenye insafu huelewa. Mkali wa aina mbaya hukuuliza kwa nini hukuwa na mpango wa pili, kana kwamba ni wewe uliyeutandika waya baharini.

Nimesema mkali wa aina mbaya, na hapa nataka kutulia kidogo, kwa sababu neno ukali linachanganya watu. Kuna ukali wa kazi na kuna ukali wa saa, na tajiri mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Ukali wa kazi nauombea kila kijana wa Lamu aupate. Kazi yangu ya kwanza niliyowatumia, mistari kama mia mbili ya msimbo niliyojivunia, ilirudi na maoni zaidi ya arubaini. Jina hili halisemi kitu. Hapa umedhani mtumiaji ataandika namba, je akiandika herufi? Kwa nini umechagua njia hii na si ile, andika sababu. Jaribio liko wapi? Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka karakana ya milango nilikokuwa nikishinda nikiwa mdogo. Mwanagenzi alileta ubao wa fremu alioutia nakshi wiki nzima, fundi akapitisha kidole gumba ndani ya mchoro, akauweka chini, akasema rudia. Hakupaza sauti. Aliupitisha tena ule wa pili, na wa tatu akauchukua. Yule mwanagenzi leo ni fundi, na milango yake naijua kwa kuigusa. Yule mhakiki wangu wa Marekani alikuwa na kidole gumba hicho. Mwaka mmoja chini yake ulinifundisha zaidi ya miaka minne ya chuo kikuu, na adabu ya kuandika kila uamuzi na sababu yake imebaki nami. Mali bila daftari hupotea bila habari, tunasema, na programu ni mali kama mali nyingine.

Ukali wa saa ni kitu kingine. Ni ile nukta ya kijani kando ya jina lako ambayo ikizimika dakika kumi unaulizwa uko wapi. Ni programu inayopiga picha skrini yako kila baada ya muda na kuhesabu umegusa vibonye mara ngapi. Ni ujumbe wa saa nane usiku unaoanza na "ukipata nafasi", na wewe wajua kwamba nafasi ni sasa. Fundi wa milango hakuhesabu mwanagenzi amepiga nyundo mara ngapi. Alitazama mlango. Anayehesabu nyundo mara nyingi ni yule asiyejua mlango mzuri ukoje, na hili nimeliona mara nyingi kiasi cha kulisema bila wasiwasi: mameneja waliojua kazi walinidai kazi, na wasioijua walinidai kuwepo.

Mwili nao una daftari lake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa napita 55 wiki nyingi, nyingi ya saa hizo usiku. Mchana sikulala vizuri. Lamu haina magari ya kupita mtaani, lakini ina punda, watoto, mafundi na wapita njia wanaosimama chini ya dirisha kusalimiana kwa kirefu.

Tena ukiwa nyumbani, mtu wa Lamu hakuhesabu kuwa uko kazini. Hapa sharti niseme ya wanawake, kwa sababu wao ndio waliofunguliwa mlango mkubwa zaidi na kazi hizi na ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi. Binti wa jirani yetu alihitimu vizuri, na wazazi hawakutaka aende kupanga chumba peke yake Nairobi. Kazi ya mbali ilimaliza mjadala ule. Yuko kwao, anavaa atakavyo, anasali kwa wakati, na mshahara wake unamzidi baba yake. Wazazi wanafurahi naye na wana haki. Lakini asubuhi, baada ya kufunga kompyuta saa kumi alfajiri, kuna mahamri ya kukaanga. Mchana kuna wageni. Shangazi akipita anaambiwa "yupo tu, yuko ndani", na neno hilo "yupo tu" ndilo tatizo lote. Kaka yake akifanya kazi hiyo hiyo nyumba nzima hunyamazishwa ili alale. Ningependa kina baba na kina mama wa mji huu walitazame hilo kwa moyo safi: binti yenu ametoka zamu ya usiku kama muuguzi atokavyo. Mwacheni alale.

Na mauti. Sisi huzika haraka. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri tumeshamzika. Sera ya kampuni ilitoa siku tatu za msiba kwa mzazi, mke, mtoto na ndugu wa tumbo moja. Alipofariki mzee aliyenifundisha Kurani, hakuwa katika orodha. Niliomba saa mbili za kwenda kuzika nikaulizwa ni nani kwangu. Niliandika "mwalimu". Jibu lilichelewa, na nilipolipata jeneza lilikuwa limeshapita chini ya dirisha.

Wenye kampuni hizi wenyewe hawajaamua kama wanatutaka tuwe mbali. Novemba 2022 Elon Musk aliwaandikia wafanyakazi wa Twitter wachague, ama kazi ya saa nyingi kwa nguvu kubwa, ama waondoke na mshahara wa miezi mitatu. Septemba 2024 Amazon iliwaamuru watu wake wa ofisi warudi siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Amri kama hizo zikipita, mtu wa Seattle anahama mtaa. Wa Lamu anahamia wapi?

Hata pasipo amri, asiyekuwepo na lake halipo. Profesa Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake walilipima hilo katika Ctrip, kampuni ya usafiri ya China, wakachapisha mwaka 2015. Wahudumu wa simu waliopewa kufanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa, kazi yao ilipanda kwa asilimia 13. Lakini ukilinganisha wenye kazi sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo karibu nusu tu ya wenzao wa ofisini, na walipopewa kuchagua upya, kama nusu yao waliomba kurudi ofisini kwa upweke. Wale walikuwa mji mmoja na ofisi yao, tena wanakwenda siku moja kwa wiki. Mimi nilikuwa bahari mbili mbali. Watatu nilioingia nao wakawa viongozi wa timu. Mimi niliambiwa kila mwaka kwamba kazi yangu ni nzuri sana.

Wazee wetu waliofanya safari ndefu za jahazi walijua kitu kimoja kuhusu kazi ya mbali na tajiri. Baharia hakungoja mshahara wa mwezi. Safari ikiisha, gharama za chombo zikitolewa, alipata fungu lake. Pepo za kusi na kaskazi zikiwa nzuri, ziliwawia nzuri wote. Kampuni za teknolojia nazo zina fungu, ndizo hisa, na wafanyakazi wao wa California huzidai kabla ya kuuliza habari ya mshahara. Sisi tunaona haya kuuliza. Uliza. Wakikataa utakuwa umejua wanakuhesabu nani chomboni.

Kwa kawaida jibu liko katika neno moja la ukurasa wa kwanza: mkandarasi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mwajiriwa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayetaka kumfukuza kwa kosa au kwa kazi mbovu amweleze sababu, mwenzake akiwepo, na amsikilize. Mkandarasi hana hayo. Mimi nilimalizika hivi: niliamka sala ya alfajiri, nikajaribu kufungua barua pepe ya kazi, nenosiri likakataa. Nikajaribu tena, nikidhani ni usingizi. Saa mbili asubuhi ikaja barua fupi kwenye anwani yangu binafsi. Hakuna aliyenisikiliza na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunisikiliza. Mkataba ulisema utatafsiriwa kwa sheria za jimbo la Delaware, na mimi sijapata kufika Delaware.

Siko peke yangu. Machi 2024 Wakenya waliokuwa wakifanya kazi za kuandaa data kupitia tovuti ya Remotasks walikuta wamefungiwa milango ghafla. Mwanga kidogo umetoka mahakamani. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ilisema kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya na watu waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni nyingine. Na mwaka 2022 ulipelekwa Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu wala barua za kazi nje ya saa zake, haki ambayo Wafaransa wanayo tangu Januari 2017. Waajiri waliupinga. Wabunge wa Pwani wangeushika mkono, maana kwetu saa hizo ni saa za sala na za jamaa.

Mpaka hapo sheria itakapotufikia, kilichobaki ni mkataba. Kwanza tazama tajiri yuko wapi. London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu tu, Berlin kwa moja au mbili. Kazi ya Berlin ya saa tatu hadi saa kumi na moja inaisha kwetu saa kumi na mbili au saa moja jioni. Waweza kupunguza dola mia tatu kwa ajili hiyo na bado umepata faida. Pili, tazama wanavyozungumza. GitLab, kampuni ya programu, iliingia soko la hisa la Nasdaq huko New York Oktoba 2021 bila ya kuwa na makao makuu, watu wake wametapakaa nchi nyingi, na kitabu cha kazi zao kiko wazi kila mtu akisome. Wamejenga utaratibu wa kuandika kila kitu ili asiyekuwa macho asome akiamka. Si watakatifu, mshahara huupima kwa kutazama mtu anaishi wapi, na anayeishi Afrika hilo linamuuma. Lakini inaonyesha kwamba mkutano wa saa moja na nusu usiku hautokani na teknolojia. Umechaguliwa na mtu, na kilichochaguliwa chajadilika.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo akiwa amezikunja karatasi gotini. Akasema, "Lakini mjomba, nikiwaletea masharti si watamchukua mwingine?" Huenda. Sikumdanganya. Mwenye tumbo tupu hana masharti, na ingekuwa nyumbani kwao hakuna kinachoingia ningemwambia atie sahihi usiku ule ule. Ila baba yake ana boti mbili na yeye ana kazi ndogo ya kutengeneza tovuti za nyumba za wageni. Ana pa kusimama. Aliye na pa kusimama asipouliza, asiye na pa kusimama hataweza kabisa.

Tukaandika barua pamoja, aya tatu. Mkutano uwe saa tatu usiku kwa saa za Nairobi, baada ya Isha, usiku tatu kwa wiki, na usipite saa nne na nusu. Mengine yote yaandikwe, naye atajibu kufikia asubuhi yao. Usiku wa Ijumaa asiitwe. Mwezi wa Ramadhani hakuna mkutano kati ya Magharibi na saa tatu na nusu, na Idi ni siku mbili ambazo tarehe yake atawaambia mwezi ukiandama. Mwisho akauliza habari ya hisa, kwa mstari mmoja. Nilimtaka aondoe neno "samahani" lililokuwa mwanzo wa kila aya, akayaondoa mawili, akaacha moja.

Aliituma saa kumi na mbili kasorobo, kule ni asubuhi, bado hawajaingia kazini. Ameniambia wakilikataa la usiku wa Ijumaa atakubali, na wakilikataa la Ramadhani hatatia sahihi. Jibu halijafika.